Amekunywa Mara ya Mwisho Lini?

Kufuli lilikuwa jipya. Nalikumbuka vizuri kwa sababu hela ya kulinunua kaka aliniomba mimi, akaniambia ni la geti.

Ilikuwa Julai 2018, nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, msimu ule baridi ya mlimani inaposhuka na ukungu mpaka migombani. Kikao cha familia kuhusu unywaji wangu kilikaa sebuleni bila mimi. Nilikuwa chumba cha pili nimejilaza, nasikia kila neno, maana nyumba ya mbao haifichi siri. Baba mdogo alisema ni tabia tu, na dawa ya tabia ni fimbo, sema nimeshakuwa mtu mzima. Dada yangu aliyeokoka alisema ni roho ya ulevi, ilianzia kwa babu ikapita kwa baba, inataka mfungo wa siku tatu. Shangazi akamtaja jirani ambaye tuligombana naye kwa ajili ya zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa mashamba. Mke wangu hakusema kitu. Aliyefunga kikao ni kaka, kifungua mimba wetu, mtu ambaye hajawahi kuonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi. Alisema iwe tabia, iwe pepo, iwe uchawi, mtu akikaa siku saba bila kuigusa itamtoka yenyewe.

Nikisikia watu wanabishana kama ulevi ni ugonjwa au ni mtu kujitakia, nakumbuka kikao kile. Kwetu swali hili halina pande mbili, lina pande nne au tano, na kila upande una shangazi wake. Mimi nimeishi ndani ya majibu karibu yote. Mawili ndiyo yaliyotaka kuniua: lile la kwamba najitakia lilinifungia chumbani, na lile la kwamba naumwa lilinifungulia baa.

Walinifungia Jumatatu asubuhi. Alfajiri ile nilikuwa nimeshazimua kwa gongo niliyoificha ndani ya buti la shambani, na hiyo ndiyo ikawa ya mwisho kwa safari ile. Sitaki mtu adhani walikuwa wakatili. Mama aliniwekea chupa ya uji wa ulezi, blanketi mbili, ndoo, na Biblia yake yenye herufi kubwa. Kaka alikaa nje ya mlango kwenye kigoda akinisomea gazeti kwa sauti, mpaka kurasa za michezo ambazo yeye mwenyewe hazipendi, ili nisijione mpweke.

Kufika mchana mikono ilikuwa inatetemeka. Hilo nilishalizoea; kila asubuhi ilinitetemeka mpaka nipate ya kuzimua, la sivyo nisingeweza hata kumenya waya. Usiku jasho lilipita shuka likalowesha godoro, moyo ukapiga kama injini iliyokwama akselereta. Nikaomba kutolewa. Kaka akajibu kwa upole, "Vumilia mdogo wangu, ndiyo inatoka hiyo." Kulipokucha niliona siafu wakipanda ukutani kwa mstari, nikawa nawafuta kwa kiganja, nikimaliza mstari mmoja unaanza mwingine. Mke wangu anasema hapakuwa na siafu. Jumanne mchana sikumbuki kitu. Naambiwa ulisikika mlio kama wa mbuzi, halafu kishindo, na walipofungua walinikuta sakafuni, macho yamegeuka, nimeuma ulimi, mwili mzima unaruka. Dada akaanza kukemea. Mama ndiye aliyesema, "Kemea tukiwa kwenye gari."

Hospitali nilipelekwa kama mgonjwa wa kifafa. Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliniinamia, akaninusa, akanishika vidole, kisha akamgeukia kaka: "Amekunywa mara ya mwisho lini?" Kaka akajibu kwa fahari kabisa kwamba sijagusa pombe tangu jana alfajiri, wamenidhibiti. Yule mama akahesabu masaa kwa vidole, akatoka mbio kumwita daktari.

Nililazwa siku tisa. Siku ya tatu na ya nne sikujua nilipo. Nilikuwa nabishana na baba, aliyefariki mwaka 2009, kuhusu bei ya betri. Walinichoma sindano za diazepam, dawa ya kutuliza, na vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya sukari, maana mlevi wa miaka mingi akitiliwa sukari mwilini bila vitamini ile ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Akili iliporudi, yule muuguzi alikuja kukaa pembeni ya kitanda akanieleza. Kuanguka kwa namna ile huja kati ya saa 6 na saa 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuchanganyikiwa huja siku ya pili mpaka ya nne, na wapo wanaokufa nako. Pombe huutuliza ubongo. Ukiinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao unaongeza kasi ili usizimike. Ukiitoa ghafla, kituliza kimeondoka, kasi imebaki.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nikamwelewa palepale. Ukichomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, alternata haina habari kwamba betri haipo. Inaendelea kuzalisha, volti zinapanda ghafla, na kinachofuata ni taa kuungua na kontroli boksi kufa. Vijana wa gereji wanaofanya hivyo "kupima alternata" nimewafukuza mara ngapi. Kaka alichomoa betri. Alifanya kwa mapenzi, akinisomea na gazeti, lakini alichomoa betri.

Hilo wengi hawalijui. Tumezoea kuona teja wa heroini akigaragara na arosto, tukadhani hakuna mateso ya kuacha yanayozidi yale. Ya heroini humtesa mtu mpaka aombe kufa, lakini kwa kawaida haimuui. Ya pombe, hii inayouzwa dukani na risiti juu, ndiyo inayoua. Kwa hiyo kama una mtu nyumbani ambaye asubuhi hutetemeka mpaka anywe, na umeshanunua kufuli, liweke kando kwanza. Mpeleke hospitali akiwa bado anatembea.

Hospitali ilinieleza mwisho wa jambo. Mwanzo wake naujua mwenyewe.

Mama alipika mbege ya kuuza. Ndizi mbivu zilichemshwa kwenye pipa mpaka zikageuka nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji, kisha viwili hivyo vikachanganywa, na kwa wapenda uchungu likatiwa gome la msesewe. Ada yetu yote ilitoka kwenye pipa lile. Pombe ilinisomesha kabla haijanifukuza kazi. Sisi watoto tulipewa ile changa, tamu, kabla haijashika. Na kwetu pombe si kitu cha vichochoroni. Mahari haizungumzwi pakavu, msiba hauishi pakavu, hata kesi ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ina kata yake ya mbege. Kuniuliza ni lini nilichagua kuanza kunywa ni sawa na kuniuliza ni lini nilichagua Kichagga.

Baba alikunywa mpaka ini likamvimba. Wanawe wa kiume tuko watatu. Kaka, kama nilivyosema, hajaonja. Mdogo wetu hunywa bia mbili Jumapili, akalala, Jumatatu yuko kazini. Wa katikati ni mimi. Damu moja, pipa moja. Watafiti waliolinganisha mapacha wanasema karibu nusu ya hatari ya kuwa mraibu wa pombe hurithiwa, na hesabu hiyo nimeipenda kwa sababu inampa dada yangu nusu na baba mdogo nusu, wakagawane wenyewe.

Nilipohamia Arusha kufanya kazi gereji, mbege ilikuwa mbali na bia ilikuwa ghali. Viroba vilikuwepo. Kwa asiyevikumbuka: kijipakiti cha plastiki chenye pombe kali, unakitoboa kwa jino, kinakaa mfuko wa shati kama vocha ya simu. Hakuna aliyejua umekunywa ngapi, hata wewe mwenyewe, kwa sababu hakuna chupa mezani ya kuhesabu. Mwishoni nilikuwa namaliza vinane kabla ya chakula cha mchana na bado napokea kazi. Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 nilishukuru moyoni, sitanii. Nilijiambia vimekwisha, nami nimekwisha navyo. Pale gereji tulikuwa wanywaji sita. Watatu walipunguza kweli, kwa vile chupa ilikuwa bei juu na haifichiki. Mmoja aliacha kabisa akanunua pikipiki. Mimi na mwenzangu mmoja, marufuku ilianza Jumatano, Ijumaa tulikuwa tumeshajua gongo inauzwa kwa nani.

Wale wanne walikuwa walevi kama sisi, mtaa ulituita jina moja. Lakini bei ilipozungumza waliisikia. Sisi wawili masikio hayakuwepo. Mwenzangu yule tumemzika. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona fulani aliacha mwenyewe, siku moja tu, basi," simbishii. Fulani aliacha. Sijui tu kama fulani alikuwa na kitu nilichokuwa nacho mimi.

Siku ya kutoka hospitali nilipewa karatasi, na kwenye karatasi iliandikwa F10.2. Nikauliza. Daktari kijana akaniambia ndiyo namba ya utegemezi wa pombe kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Akaongeza kwamba madaktari wa Marekani, kupitia chama chao, walishautambua ulevi kuwa ugonjwa tangu mwaka 1956. Alisema kwa nia njema, nisijione takataka. Nililia mbele yake kama mtoto. Miaka ishirini nimeitwa mlevi mbwa, leo nina namba.

Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye pochi. Miezi mitano baadaye ndiyo iliyonirudisha.

Ilikuwa Desemba, Wachagga wameshapanda mlima, barabara zimejaa magari yaliyotoka Dar, kila kihamba kina mbuzi anayelia. Nikapokea kata moja. Nilijiambia: daktari mwenyewe kasema wengi hurudia, sasa mimi ni nani nishindane na F10.2? Januari nilikuwa Arusha, kwenye kijiwe changu kilekile, naitoa ile karatasi nawaonyesha watu. "Mwenzenu ni mlevi mwenye cheti." Walicheka, nami nikacheka. Mke wangu akinisema, namjibu kwamba mtu wa kisukari hakaripiwi. Dada akinipigia simu, namwambia asimsumbue mgonjwa. Nilikuwa na jibu la kila mtu. Naweza kusema sijawahi kunywa kwa amani kama miezi ile kumi. Zamani kila chupa ilikuwa na aibu yake, na aibu ile, chungu ilivyokuwa, ilikuwa breki. Sasa breki nimeitoa, na nimeitoa kwa karatasi ya hospitali.

Oktoba 2019 mteja aliniletea Noah. Shida ndogo, taa za nyuma haziwaki. Nikapitisha waya moja kwa moja bila fyuzi, kitu ambacho hata kijana wa wiki ya kwanza hakifanyi, nikaenda zangu kuongeza kidogo. Niliporudi dashibodi ilikuwa inawaka moto na watu wanamwaga mchanga. Hakuna aliyeumia. Mwenye gereji ni mzee asiyepandisha sauti. Akaniita nyuma ya makontena, nami nikafanya nilichozoea, nikatoa karatasi. Aliisoma yote, taratibu, akanirudishia.

"Fundi," akasema, "mgonjwa hulala nyumbani. Wewe ulikuja kazini, ukapokea gari la mtu."

Nilitafuta la kumjibu sikulipata. Deni la dashibodi na waya nililipa kwa miezi kumi na minne. Wiki ile ile nilikwenda hospitali mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa bado na pombe mwilini, nikamwambia wa mapokezi: nataka kuacha, ila nikiacha ghafla naanguka. Nikapewa kitanda na vidonge vilivyopunguzwa siku hadi siku. Safari hii ilipita kama homa. Siafu hawakuja.

Baada ya hapo niliingia kikundi. Tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, viti vya plastiki na chai ya rangi, na majina hayatoki nje. Mtindo huu ulianzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, na waliouanzisha ni walevi wawili: Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Kuna kisa chao kinachosimuliwa pale ambacho mara ya kwanza nilikisikia nikacheka mpaka wakanigeukia. Smith alikuwa na upasuaji asubuhi na mikono inamtetemeka, hivyo Wilson akampa bia ili itulie. Bia ya kuzimua! Akaenda akampasua mtu. Ikawa ndiyo ya mwisho maishani mwake, na siku hiyo, tarehe 10 Juni, ndiyo wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama chao, Alcoholics Anonymous. Mimi namenya waya, yeye anapasua matumbo, mikono ni ileile.

Lakini kikundi kilinichanganya kwa jambo moja. Katika zile hatua zao kumi na mbili, ya kwanza unakiri kwamba mbele ya pombe huna nguvu. Ya nane unaorodhesha watu uliowakosea, ya tisa unawaendea kurekebisha. Nikamuuliza mzee anayetuongoza, muuguzi mstaafu: mzee wangu, kama sikuwa na nguvu, hili deni ni la nani? Akasema, "Endelea kuja." Ndilo jibu lao la kila kitu, na linakera sana.

Nikaandika orodha yangu hivyohivyo. Wa kwanza alikuwa binti yangu.

Mwaka 2016 alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoani Singida. Nauli, godoro, sare na ndoo vilifika shilingi 180,000, tulizozikusanya miezi mitatu, nyingi zikiwa za mke wangu na biashara yake ya vitenge. Akanipa nikakate tiketi na kununua vitu. Kuna kona karibu na stendi: kulia unaingia kwenye mabasi, kushoto kuna grosari niliyokuwa naijua mpaka ufa wa sakafu yake. Nikasimama pale. Sikuwa natetemeka, maana nilikuwa nimeshazimua nyumbani. Muuza karanga alinipita akienda, akanipita akirudi. Nilijua kabisa pesa ile ni ya nini, nilikuwa naishika kwa nje ya mfuko. Kisha nikakata kushoto, nikijiambia kimoja tu. Binti aliripoti shuleni wiki tatu baadaye, kwa pesa ya kaka.

Watu wema, hata pale kikundini, wameniambia: siku ile hukuwa wewe, ubongo ulikuwa umeshatekwa. Nawashukuru. Lakini nilikuwepo, muuza karanga ni shahidi. Njia ya kulia ilikuwa nyembamba sana, naapa, nyembamba kuliko unavyoweza kuielewa wewe unayekunywa Jumapili tu. Ila siwezi kusema haikuwepo. Na nikikubali kwamba mimi sikuwepo kwenye kona ile, itabidi nikubali pia kwamba sikuwepo siku niliyopita kwenye kona nyingine nikakata kulia. Hiyo simpi mtu.

Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale. Ukifika nalo mlangoni, hata awe na hasira ya namna gani, inambidi akusikilize. Nilikata la mpakani mwa kihamba, ambako baba yake babu aliyaotesha, nikapanda nalo basi mpaka alikopanga binti yangu. Kaka aliona ni vituko, baba hampelekei mwanawe isale. Nikamwambia kaka, kwa siku zile ulizonifungia, zile za jasho na za siafu, sijamwomba mtu msamaha na wala sitaomba. Mtu haombi msamaha kwa kuugua malaria. Lakini kwa kona ile nina la kuomba. Binti alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye glasi ya maji dirishani, akaniuliza kama nimekula. Mengine tuliyozungumza ni yetu.

Nikahama Arusha. Yule muuguzi mstaafu alikuwa ametusimulia habari za wanajeshi wa Marekani waliozoea heroini wakiwa vitani Vietnam. Wakubwa wao waliogopa watarudi na uteja wao nyumbani, ila mtafiti Lee Robins alipowafuatilia waliorudi mwaka 1971 akakuta wengi wao hawakuendelea nayo. Heroini si gongo, na mimi sijawahi kushika bunduki. Nilichochukua ni kwamba mahali nako kuna mkono wake. Nikafungua kibanda Himo. Atakayecheka acheke: Himo ni njia panda ya malori na ina baa kuliko maduka ya spea, ila hakuna hata moja inayonijua jina. Wateja wananilipa kwa simu, na laini ni ya mke wangu. Nimegundua pia kwamba nguvu ya kuamua ninayo asubuhi. Ikifika saa kumi jioni imebaki kidogo kama chaji ya betri mbovu. Basi mambo yote nayaamua asubuhi: nitapita njia gani, nitakula wapi, nani nitampigia jua likizama. Jioni siamui kitu, nafuata nilichoambiwa na yule wa asubuhi.

Desemba bado ni mtihani. Ukikataa kata mlimani unaulizwa moja kati ya mawili: umeokoka, au uko kwenye dozi? Mwaka wa kwanza nilieleza ukweli wote, na kikao kizima kikageuka mdahalo, huyu anasema ni pepo, yule anasema ni uvivu, kata zikizunguka. Siku hizi nasema niko kwenye dozi. Kata inapita kwa jirani, hakuna anayeuliza ni dozi gani wala inaisha lini. Baba mdogo, yule wa fimbo, ndiye huwanyamazisha wengine: "Mwacheni, mgonjwa huyo."

Kinachonisumbua ni miaka iliyopotea kabla ya kufuli. Mwaka 2011 nilianguka na pikipiki, nikashonwa nyuzi saba kichwani huku nanuka mpaka pazia lilinuka. Nikapewa dawa ya maumivu, nikaambiwa nivae helmeti. Hakuna aliyeniuliza nakunywa kiasi gani. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, watafiti wamejaribu kitu nilichokihitaji siku ile: mazungumzo mafupi na majeruhi wanaofika wakiwa wanywaji, wameyapa jina Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mwaka ule njia yangu ya kulia ilikuwa bado pana, lori lingepita.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, mama mmoja jirani wa kibanda changu alinijia mbio. Historia yangu anaijua, Himo ni ndogo. Mwanawe ni dereva wa bodaboda, kijana mzuri, ukimkuta hajanywa.

"Fundi, nimemfungia stoo. Nimechoka mimi. Amepiga kelele usiku kucha, sasa amenyamaza. Njoo unishikie mlango nimpe maji. Halafu wewe uliyepitia niambie ukweli, huyu anaumwa au anajitakia? Kama anajitakia namwacha humo humo mpaka akome."

Nikaenda na testa yangu mkononi, sikukumbuka hata kuiweka. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Alikuwa amesimama, shati limelowa, anafuta ukuta kwa kiganja, polepole, kutoka juu kwenda chini, kisha anaanza tena juu.

"Mama, amekunywa mara ya mwisho lini?"

"Jana asubuhi. Tangu hapo hajagusa, nimembana kweli. Kwa nini?"

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Mimi naita bajaji."